Breki za Mama Mkwe

Mume wangu alinunua gari la spoti msimu ambao mimi nilitaka tununue mashine ya kusaga. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Kulalamika nililalamika wakati ule ule, nikamaliza. Nasema ili ijulikane tangu mwanzo kwamba mimi nilikuwa upande wa mashine ya kusaga.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa. Bariadi tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, barabara ya kwenda Lamadi ilikuwa changarawe na makorongo, na pamba, ambayo tangu nizaliwe nilijua ina mnunuzi mmoja tu, ushirika, ghafla ikawa na wanunuzi kila kona, kila mmoja na mizani yake. Mume wangu alikuwa karani wa mizani. Akaacha kazi, akaanza kununua pamba kwa niaba ya wafanyabiashara wa Mwanza, na mambo yakamnyookea. Mimi nilikuwa nauza mitumba minadani. Leo nipo Dutwa, kesho kutwa nipo kwingine, nimetandaza turubai, nimemwaga marobota, kina mama wamenizunguka wanachambua magauni na kunituhumu kwamba mazuri nimeyaficha. Kweli nilikuwa nimeyaficha. Tulikuwa vijana, tulikuwa na afya, na vitu tulivyovisikia redioni tu sasa vilikuwa vinapita mbele ya macho yetu.

Kimojawapo ndicho hicho kigari. Kilitoka Japani kikapitia Dar es Salaam, na kuja Bariadi kililetwa juu ya lori, kwa sababu aliyepewa kazi ya kukiendesha alikiangalia, akaifikiria barabara yetu, akakataa. Chekundu, milango miwili, kimelala chini kiasi kwamba kuku akisimama kando yake, mliomo ndani mlikuwa mnaweza kumtazama machoni. Mbele viti viwili vya kujilaza. Nyuma palikuwa na kitu kilichoitwa kiti, lakini aliyekitengeneza alikuwa anafikiria mkoba. Watu wakajaa uani kukiona. Mzee mmoja jirani akakizunguka, akakohoa, akasema, "Gari limepiga magoti. Linamsalimia nani?"

Mume wangu alicheka kuliko wote. Nilimpenda kwa hilo, na bado nampenda. Ukimtania hakasiriki, anakuongezea maneno ya kumtania nayo.

Sasa nieleze kuhusu mama yangu, maana bila yeye breki zingebaki breki tu.

Mama alikuwa anaishi Dutwa, mjane, analima pamba na mahindi, ana ng'ombe wake wachache. Alikuwa mtu wa mila, na kwa watu wa rika lake, mwanamke na mkwe wake wa kiume wana heshima kubwa kati yao. Hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Mama mkwe hali chakula naye, hakai karibu naye, na hamsemeshi moja kwa moja, anamtuma mtu. Aliyekuwa anatumwa ni mimi. Mume wangu amekaa hatua chache kutoka kwetu, anasikia kila kitu, na mama ananiambia, "Mwambie mwenzio uji upo tayari." Nikiwa sipo, anaviambia vitu. Niliwahi kurudi kutoka kisimani nikamkuta anamwambia kuku kwamba mvua inakuja na kuna mtu ameacha baiskeli yake nje. Mume wangu akamjibu kuku, akaenda kuingiza baiskeli.

Mimi nililelewa humo, sikuona ajabu. Na nilijua jinsi mambo hayo yanavyolegea kidogo: akizaliwa mjukuu, mjukuu ndiye anayetumwa. Bibi anasema na mtoto, baba anamjibu mtoto, na nyumba inapumua. Ila mjukuu hakuwapo. Nilikuwa na mimba, ya pili. Ya kwanza iliharibika nikiwa peke yangu chumbani, mume yuko porini na mizani yake, mama yuko Dutwa, na tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja kichwani: hii ya sasa, nitajifungua mama akiwa pembeni yangu. Sikuwa naomba kingine.

Gari lilipofika, mume wangu alisema tukamchukue mama aje apumzike kwetu. Tukaenda. Mama alilitazama kwa muda, akaniambia, "Angalau lina adabu," akainama kuingia. Alikaa nyuma, nyuma kabisa ya mume wangu, ili wasionane, akajifunika kanga hadi kichwani na kugeukia dirishani. Mume wangu naye akakipindua kile kioo cha ndani kikatazama dari, asije akakutana na uso wa mama mkwe kwa bahati mbaya. Tulirudi hivyo, dereva haoni nyuma, abiria haoni mbele, na mimi katikati ya heshima zao nimeshikilia tumbo.

Tulipokaribia mjini, ng'ombe wakakata barabara. Mume wangu akakanyaga breki, pedali ikazama. Akapampu, ikazama tena. Akapampu kwa nguvu zake zote, na hapo breki zikashika zote kwa mkupuo mmoja. Mama, ambaye hakuwa ameshika chochote isipokuwa kanga yake, akarushwa mbele. Mikono yake ikatafuta cha kukamata. Ikakikamata kichwa cha mume wangu.

Alimkumbatia. Hakuna neno jingine. Alimkumbatia mkwewe shingoni, shavu lake limelala kwenye kisogo chake, mbele ya kundi zima la ng'ombe na wachungaji wawili waliosimama na fimbo zao wakiangalia. Mume wangu alikauka kama nguzo. Mimi, Mungu anisamehe, kicheko kilinibana nikakimeza, kikanipalia.

Mama alishuka, akasema nami bila kunitazama: "Nitatembea." Nikashuka nitembee naye. Mume wangu hakuweza kutufuata nyuma, kwa sababu ingekuwa anamtazama mama mgongoni, na hakuweza kutuacha. Basi akatangulia mbele polepole, gari jekundu linatambaa barabarani kama linaongoza maandamano, na sisi tunalifuata kwa miguu hadi mjini. Mama hakulala kwetu. Alilala kwa mwanamke wa ukoo wetu aliyekuwa na nyumba karibu na sokoni, na asubuhi akapanda basi.

Mambo kama hayo yana utaratibu wake. Mume wangu alipeleka mbuzi Dutwa kwa mkono wa baba yangu mdogo, ili kuiondoa ile aibu, na mbuzi akapokewa. Nilifurahi. Nikaenda mwenyewe kumwona mama, nikamwambia basi yameisha, tumbo hili likifika mwisho utakuja ukae nami.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua.

"Mbuzi amefuta la jana," akasema. "La kesho mtalifuta na nini? Basi linapita hapa asubuhi tu. Uchungu hauna asubuhi, ng'wanone, mwanangu. Ukikushika mchana, atakuja na kile kitu chake kunichukua, na wewe hutakuwamo. Nitakuwa mimi na yeye. Kikinirusha tena?"

"Mama, ni bahati mbaya tu."

"Nakuuliza, kikinirusha tena?"

 Akaniambia kwamba gari likiwa vile lilivyo, hatapanda, hata kama ni kwa ajili yangu, na nisimlaumu. Asubuhi iliyofuata nilirudi Bariadi nimekaa karibu na dirisha la basi nalia waziwazi, na mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa wa Lamadi alinipa kipande cha muwa bila kuniuliza kitu.

Kwa hiyo breki. Fundi wetu alikuwa na kibanda karibu na stendi, mtu wa maneno mengi na mkono mzuri. Alifungua tairi, akatuonyesha. Pedi zilikuwa zimekwisha hadi chuma, mafuta ya breki yamekuwa meusi kama kahawa. Akatuwekea mambo mawili mezani, na kwa maneno yake moja lilikuwa jambo na lingine uchafu.

La kwanza, tuagize za kiwandani, zile zile gari lilizozaliwa nazo, kutoka Mwanza. Itabidi tusubiri lori. La pili, yeye mwenyewe alikuwa na diski, na kalipa zake za kuzibana, alizozitoa kwenye gari kubwa zaidi lililopinduka. Pana, nzito, alizifuta kwa kitambaa akatupa tuzishike kama anayetuonyesha mtoto mchanga. "Ukiziweka hizi," akamwambia mume wangu, "gari linasimama pale pale ulipowazia kusimama. Hizo za kiwandani ni za watu wa kule, wenye barabara zisizo na ng'ombe."

Mume wangu macho yalimng'aa. Kwa nini yasing'ae? Alikuwa mtu mwenye gari ambalo watu wanatoka mbio kulitazama, na sasa anaambiwa litakuwa na breki ambazo hakuna mwingine wilayani anazo. Akaniambia, "Unaona? Ndiyo dawa yenyewe. Tatizo lilikuwa halisimami. Sasa litasimama."

Mimi sijui magari. Lakini nimeuza nguo za watu wengine miaka mingi, na nimeona magauni yaliyoongezwa. Mtu ananunua gauni zuri, anaona mabega yake hayatoshi, anampelekea fundi akatie mabega ya gauni lingine. Mabega yanakuwa mazuri kweli. Ila gauni zima linaanza kuvutwa na mabega. Nikamwambia mume wangu kwamba tatizo halikuwa kwamba gari halikusimama. Lilisimama. Tatizo ni namna lilivyosimama.

"Gari linasimama au halisimami," akasema. "Hakuna namna."

"Ipo namna."

"Mke wangu, hilo si gauni."

Tulikwenda hivyo hadi nyumbani, na kesho yake akazifunga zile kubwa. Fundi alisema kujaribu hakuna gharama. Nikasema vizuri, tutajaribu, lakini tutajaribu ninavyotaka mimi.

Nilichukua sufuria, nikaijaza maziwa ya mgando hadi karibu na ukingo, nikaiweka kwenye kile kiti cha nyuma, pale pale alipokaa mama, nikaizungushia shuka isiteleze. Tukaenda kwenye kiwanja cha mnada, siku ambayo si ya mnada, pakiwa peupe. Mimi nilisimama pembeni na tumbo langu. Fundi alikuja, maana hakutaka kukosa kuona kazi yake ikisifiwa. Mume wangu akaondoka na vumbi, akafika katikati, akakanyaga.

Sijawahi kuona kitu kinasimama vile. Pua ya gari ilichoma chini, matako yakanyanyuka, na vumbi lake mwenyewe likampita. Fundi akapiga makofi. Mlango ukafunguka polepole na mume wangu akatoka. Maziwa yalikuwa yanamtiririka kutoka kisogoni, yanaingia ndani ya kola, yanatokea kwenye mikono ya shati. Bonge la mgando lilikuwa limekaa begani, pale pale ulipokaa mkono wa mama.

Nilicheka hadi nikalazimika kukaa chini. Kicheko nilichokimeza siku ile ya ng'ombe kilitoka chote hapo.

Yeye naye alicheka, lakini hakukubali. Hilo ndilo watu hawalijui kuhusu waume wapole. Alisema kosa si la breki, ni la mguu. Atajifunza kuzigusa kwa vidole tu. Na kweli alijifunza, au alijitahidi. Kila siku alikwenda kiwanjani na sufuria, na kila siku akarudi ananuka kama kibuyu. Akigusa kidogo, zinashika. Akigusa kidogo zaidi, hazishiki, halafu zinashika. Gari lilikuwa jepesi, breki zilikuwa za gari zito, na katikati yake alikuwapo mume wangu na vidole vyake. Tulikunywa chai ya rangi muda wote huo kwa sababu maziwa yalikuwa yanaenda shuleni.

Tumbo lilikuwa linakua. Sikumsemesha tena kuhusu jambo lile. Nilikuwa na hasira, nasema kweli. Usiku nilimgeuzia mgongo nikahesabu wanawake waliojifungua bila mama zao wakawa wazima, ili nijizoeze.

Jioni moja alirudi kutoka kiwanjani, akaweka sufuria tupu mlangoni, akakaa kwenye kigoda nje akiwa vile vile na mgando shingoni. Nikampelekea maji. Akasema, "Leo nimekaa mimi nyuma."

"Vipi?"

"Nimempa fundi aendeshe. Nikakaa pale nyuma anapokaa mama." Akanawa uso. "Hakuna pa kushika. Mgongo wa kiti cha mbele unateleza, pembeni ni kioo. Akikanyaga, unaenda. Hata ukijua anakanyaga sasa, unaenda." Akajifuta shingo. "Yule mzazi wako aliogopa sana siku ile. Sikuwa nimefikiria kwamba aliogopa. Nilifikiria aibu tu."

Kesho yake aliagiza za kiwandani kwa dereva wa lori la pamba.

Zilikuja ndani ya maboksi, ndogo, za kijivu, hazina lolote la kumwonyesha mtu. Fundi alizifunga kwa uso wa msiba. Akaweka mafuta mapya ya breki, akatoa hewa, akasema, "Haya, umenunua uzee." Tukaenda kiwanjani, sufuria ikajazwa. Mume wangu akaondoka, akakanyaga, na gari likaanza kusimama. Likaendelea kusimama. Lilikula kiwanja kirefu kuliko zile kubwa, na fundi alikuwa anatingisha kichwa muda wote huo. Tulipofungua mlango, maziwa yalikuwa yamepanda upande mmoja wa sufuria, yameacha alama, na yamerudi. Hakuna tone lililokuwa kwenye shuka.

"Lakini ng'ombe hawatakusubiri," fundi akasema.

"Nitaanza mapema," mume wangu akajibu. "Nikiwaona mbali, nitaanza mbali."

Ina maana hatakimbia tena, na alijua ina maana hiyo. Gari jekundu la milango miwili, linatembea Bariadi mwendo wa mtu anayekwenda kanisani. Watu walimtania mno. Aliwaongezea maneno.

Nilimpelekea mama habari kwa mdomo wa abiria wa basi. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo: amesikia. Hakusema zaidi.

Uchungu ulinishika mchana, kama alivyosema. Basi lilikuwa limepita zamani. Mume wangu alinipeleka hospitali, jirani yetu akabaki nami, na yeye akaelekea Dutwa. Nikalala pale kitandani, na kilichonitesha kuliko uchungu ni saa. Akifika kule jua litakuwa limeanza kuteremka. Wakirudi itakuwa ndiyo saa ng'ombe wote wa nchi hii wanarudi mabomani, kila kundi linavuka barabara hiyo hiyo. Na kabla ya hapo, je, atapanda? Nilimwomba Mungu kwa ajili ya pedi za breki. Sidhani kama wengi wamewahi kuomba hivyo.

Mlango ulipofunguka aliingia mama. Kanga kichwani, miguu ina vumbi, na mikononi kibuyu cha maziwa alichokibeba kutoka kwake, kimezibwa kwa majani tu. Sikumtazama usoni kwanza. Nilitazama kibuyu. Majani yalikuwa makavu, na kanga aliyokuwa amekipakatia juu yake ilikuwa safi.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma, nikaanza kulia.

"Nyamaza, usukume," akasema mama yangu, akakiweka kibuyu chini na kunishika mgongo.

Baadaye kila mmoja alinisimulia safari kwa upande wake. Walikuta makundi mengi. Mama, kwa kuwa hakuwa na wa kumtuma, alikuwa analiambia gari: "We gari, wale pale wanakuja." Na gari lilikuwa linaanza kupunguza mwendo, mbali kabisa, taratibu, hadi linasimama na kuwangoja wapite wote. Kisha mama analiambia gari, "Wabeja," yaani asante, nalo linaondoka.

Mtoto alizaliwa kabla giza halijaingia, wa kike, mzima, mwenye sauti. Mama alimwosha, akamfunga, akakaa naye kwenye benchi. Mume wangu akaitwa. Alisimama mlangoni ubavu ubavu, uso ameuelekeza kwenye kitasa, na mama akageukia ukutani. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoweza kufungua mdomo nitumwe. Sikuhitajika.

Mama alimwinamia yule mtoto, akamwambia kwa sauti iliyotosha kusikika hadi mlangoni:

"Mwambie baba yako hizo breki asizibadilishe."

Mume wangu alikishika kitasa. 

"Mwambie bibi," akakiambia kitasa, "zitakaa hizo hizo."

Na mtoto wangu, aliyeanza kutumwa kabla hajafumbua macho vizuri, akapiga chafya.